Eksirei iko safi, mbona goti linaniachia?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 24, nacheza kiungo kwenye mechi za ndondo hapa Dar es Salaam. Wiki nne zilizopita niligeuka na mpira mguu ukiwa umekanyaga chini, hakuna aliyenigusa, nikasikia "pa!" ndani ya goti. Mechi ilikuwa ya saa kumi. Magharibi haijaingia goti lilishajaa. Eksirei ikaonyesha hakuna mfupa uliovunjika. Sasa natembea vizuri, ila nikishuka ngazi au nikigeuka ghafla goti linaniachia. Nyumbani wananichua na kunikanda kwa maji ya moto. Kocha anataka nifunge bandeji nicheze nusu fainali. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na nusu fainali: usicheze. Kazi yangu ni fiziotherapia, na barua kama yako ndiyo inayoniumiza roho kuliko zote, maana mwenye goti anatembea na anaamini amepona.

Eksirei haikukudanganya. Ilichoonyesha ni mifupa, na mifupa yako ni mizima. Lakini goti halishikwi na mifupa. Nyonga ina kikombe, kichwa cha fupa la paja kinaingia humo na kutulia. Goti halina bahati hiyo: fupa la paja linaishia kwa vichwa viwili vya mviringo, navyo vinakaa juu ya muundi ambao kwa juu ni karibu bapa. Mbele kuna kilegesambwa, wengine huita pia ya goti. Kinachozuia vyote hivi visiteleze ni misuli na ligamenti nne, yaani kamba ngumu zinazounga mfupa na mfupa: mbili pembeni, kila upande moja, na mbili katikati zinazopishana kama herufi X. Ile ya mbele katika hizo mbili za katikati ndiyo wachezaji wanaiita ACL. Inazuia muundi usichomoke kuja mbele na usijizungushe. Ndiyo maana mtu aliyeikata anaweza kutembea barabarani vizuri kabisa, akigeuka tu goti linamwachia.

Barua yako ina mambo matatu yanayonifanya niishuku hiyo ACL: hukuguswa, ulisikia mlio, na goti lilijaa ndani ya saa chache. Uvimbe wa haraka namna hiyo mara nyingi ni damu ndani ya kiungo, na ligamenti hiyo ina mishipa ya damu. Uvimbe unaokuja taratibu, mtu akaukuta asubuhi, mara nyingi ni habari nyingine. Hata hivyo siwezi kukata shauri kwa barua. Kilegesambwa kikihama na kurudi pia huleta damu.

Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine. Unalala chali, goti limekunjwa kidogo tu, nyuzi 20 hadi 30. Mkono mmoja wa mpimaji unashika paja, wa pili unavuta muundi kuja mbele. Goti zima linagota, kama kamba iliyofika mwisho. Lililokatika linaendelea kuja, laini, bila kugota. Mimi huanza na goti zima kila mara, kwa sababu kuna watu viungo vyao vimelegea tangu kuzaliwa. Kisha MRI, picha ya mashine inayoona hata nyama laini za ndani, itaonyesha ligamenti yenyewe, na itaonyesha meniskasi.

Meniskasi ndiyo hofu yangu kubwa kwako. Ni vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mwandamo, vimekaa kati ya paja na muundi, vinagawa uzito. Kila goti linapokuachia, vinasagwa. Ukingo wake wa nje unapata damu, ukichanika unaweza kushonwa ukapona. Sehemu ya ndani haina damu, na kipande kikishakatwa hakioti tena. Goti linazeeka kabla ya mwenyewe. Bandeji ya kocha inabana ngozi, haizuii mfupa kuteleza.

Maji ya moto siku za mwanzo huongeza uvimbe; wakati ule barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hivi, ingefaa zaidi. Kuchua kwa nguvu hakuungi ligamenti. Waambie nyumbani kwa upole waache.

Cha kufanya sasa ni msuli wa mbele wa paja. Goti likijaa, msuli huo huzimika na kunywea. Chukua futi ya fundi cherehani, pima sentimita 10 juu ya kilegesambwa, zungusha paja zote mbili. Huenda ukashangaa tofauti. Kaa umenyoosha mguu, weka taulo lililokunjwa chini ya goti, likandamize, hesabu hadi tano, achia. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni.

Si kila aliyekatika ACL hupasuliwa. Wapo wanaoishi vizuri kwa mazoezi, hasa wasiocheza michezo ya kugeukageuka. Kwa kiungo wa miaka 24, upasuaji utazungumzwa: kano, yaani kamba inayoshikiza msuli kwenye mfupa, huchukuliwa mwilini mwako, ikapitishwa kwa matundu madogo kuwa ligamenti mpya. Kabla ya hapo goti linatakiwa linyooke lote na uvimbe uishe, kwa hiyo mazoezi ya leo hayapotei. Baada yake, hesabu angalau miezi 9 kabla ya mechi. Virgil van Dijk aliumia goti Oktoba 2020 na hakuichezea tena Liverpool msimu ule wote, pamoja na wataalamu wote aliokuwa nao.

Goti likikwama lisinyooke kabisa, au shavu la mguu likivimba na kuuma, usingoje miadi, nenda siku hiyo hiyo.

Vinginevyo nenda wiki hii kwa daktari wa mifupa. Mweleze kama ulivyoniandikia: mlio, saa za kuvimba, ngazi. Beba eksirei yako, na vaa bukta, maana magoti yote mawili yatapimwa.