Skrini nyeusi, mtoto kabonyeza nini?

SWALI: Assalaam alaykum kaka wa kompyuta. Mie nina steshenari hapa Wete, napiga chapa barua na sivii za watu. Kuna kijana kanitilia Ubuntu, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwenye laptopu maana Windows ilikuwa nzito mno. Juzi mwanangu kapanda mapajani kapapasa kibodi, mara skrini nyeusi tititi, maandishi meupe tu inataka login, na sivii ya mtu sijaisevu na mwenyewe kasimama mlangoni ana boti ya kuwahi Mkoani. Nikazima kwa nguvu, sivii ikaenda na maji. Kijana ananambia diski ibadilishwe, kweli? – Mama Steshenari

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu. Diski usibadilishe, weka pesa yako. Hapo mtoto kashika Ctrl na Alt pamoja na F3, au F4, basi. Linux, ambayo Ubuntu yako ni aina yake moja, ina skrini kadhaa zinazokwenda kwa wakati mmoja, hiyo yenye madirisha na mausi ni moja tu, nyengine ni za maandishi matupu, na sivii yako ilikuwa iko wazi vilevile upande wa pili inakungoja. Siku nyengine bonyeza Ctrl+Alt+F2 unarudi ulipokuwa (ukigusa F1 utaletewa pa kuwekea paswedi, usishtuke, na wenye Mint, aina nyengine ya Linux, wao hurudi kwa Ctrl+Alt+F7). Na kama uliiandika kwenye LibreOffice, programu ya kuandikia inayokuja na Ubuntu, ifungue tena uone, huwa yenyewe inaweka akiba kila dakika 10 na itakuuliza kama unataka kurejeshewa.

SWALI: Bro, kwenye teminali ya Linux, lile dirisha la kuandikia amri, nikibonyeza Ctrl+S kwa mazoea ya kusevu kila kitu kinaganda, naandika hakitoki kitu. Virusi? – Mwanafunzi, Tunguu

JIBU: Virusi wapi! Bonyeza Ctrl+Q. Hiyo imebaki tangu enzi za teletaipu, mashine zilizokuwa zinachapa kwenye karatasi polepole, Ctrl+S ikiiambia kompyuta isubiri na Ctrl+Q iendelee. Ila angalia sana, ulichoandika wakati imeganda hakijapotea, ukishaachia kinamwagika chote, sasa kama kwa hasira ulipiga rm, amri ya kufuta mafaili, na Enter shauri yako. Ukitaka kuiondoa kabisa andika stty -ixon kwenye faili la .bashrc, linalosomwa kila ukifungua teminali.

Na nyie mlioleta meseji kwamba laptopu imeanza kusema peke yake usiku, msimwite shekhe kuisomea. Ni Orca hiyo, programu ya kuwasomea wasioona, mmeiwasha kwa Alt na S na kile kitufe chenye alama ya Windows, na hivyohivyo vitatu ndivyo vinavyoizima. Anaeona itamsumbua tena aingie setingi, Kibodi, kwenye njia za mkato, aibonyeze hiyo ya kusoma skrini kisha apige Backspace na kukubali.