Prius yenye taa ya betri: niitoe sadaka ilivyo, au niiuze kwanza?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Toyota Prius ya mwaka 2010. Tumepata gari jingine, na nyumbani tumekubaliana hili tulitoe sadaka kwa kituo cha kulea watoto yatima kule Mgeta, liwasaidie kuwapeleka watoto hospitali. Shida ni kwamba mwezi uliopita ile taa ya tahadhari ya pembetatu iliwaka, fundi wa jirani akaifuta kwa mashine, na tangu hapo haijarudi. Niwape ilivyo, nibadilishe betri kwanza, au niliuze niwape fedha? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Nzuri, dada yangu. Mungu akulipeni kwa nia hiyo, ila nakuomba usikabidhi gari bado.

Kufuta taa hakuponyi kitu. Kilichofutwa ni kumbukumbu ya kompyuta tu, tena kabla hujaambiwa ilikuwa inalalamikia nini. Mrudie fundi huyo umuulize alisoma msimbo gani, yaani namba ya kosa iliyohifadhiwa na kompyuta. Kama ulikuwa P0A80, betri kubwa ya haibridi (gari linalotumia injini ya petroli pamoja na mota ya umeme) imechoka. Lakini pembetatu ile huwashwa pia na matatizo mengine, kwa mfano pampu inayozungusha maji ya kupozea inveta (kifaa kinachobadili umeme wa betri uendeshe mota), au mfumo wa breki, na matengenezo yake ni tofauti kabisa.

Betri kubwa ya Prius hiyo imekaa nyuma ya kiti cha nyuma. Ndani yake kuna moduli 28, yaani betri ndogondogo, kila moja volti 7.2, zimeungwa mfululizo kufikisha volti 201.6. Kompyuta huzisoma mbilimbili, kwa hiyo kwenye mashine utaona mistari 14. Gari likiwa limesimama mistari yote inaweza kuonekana mizuri. Ukweli unatoka kwenye mlima: mashine ikiwa imechomekwa, kanyaga mafuta, na fundi aliyekaa pembeni aangalie. Mistari yote ikishuka kwa pamoja, betri bado ina maisha. Mmoja ukiporomoka peke yake, tofauti ikakaribia volti moja, hapo hamna betri ya kumpa mtu.

Kabla ya kukata tamaa, angalieni tundu la hewa lililo pembeni mwa kiti cha nyuma. Hewa ya kupozea betri huvutwa kutoka ndani ya gari kupitia hapo, na feni yake nimeikuta mara nyingi imefunikwa na vumbi na nyuzi za nguo kama blanketi. Betri inayokosa hewa huchemka na kuzeeka mapema. Feni isafishwe, kisha mpime upya. Na gari likienda kwenye kituo cha watoto, dereva wao aambiwe waziwazi: pale pasiwekwe begi, kanga wala mdoli.

Jambo moja sitakubaliana nalo, hata kama ni rahisi: kubadilisha moduli moja iliyokufa na kukabidhi gari. Zile 27 zilizobaki zina umri uleule. Baada ya muda itakufa nyingine, na safari hii watakaokwama barabarani na mtoto mgonjwa ni watu wasio na fedha ya betri. Wala Prius haina stata ya kawaida. Injini huwashwa kwa umeme wa betri hiyo kubwa. Ikifa kabisa, kusukuma hakusaidii. Tena nyaya zake za rangi ya chungwa zina umeme unaoua, si kazi ya kumpa fundi baiskeli wa kijijini ajaribu.

Sasa Mgeta yenyewe. Barabara ya kupanda milima ya Uluguru unaijua, na mvua ikinyesha unaijua zaidi. Prius iko chini, na mlima mrefu hukamua betri wakati wa kupanda. Wakati wa kushuka betri hujaa haraka, na dereva asiyejua kuweka gia kwenye B, ambapo injini husaidia kupunguza mwendo, ataegemea breki njia nzima. Kwa mji wa Morogoro, Prius yenye betri nzima ni gari zuri mno, linakula mafuta kidogo. Kwa kituo kilicho mlimani, mimi ningeliuza, tena kwa kumwonyesha mnunuzi vipimo vyote vya betri bila kuficha ile taa, kisha fedha ningewapa wao. Waulizeni kwanza wanavyosafiri sasa. Huenda fedha hiyo ikalipa usafiri wa hospitali kwa muda mrefu kuliko gari hilo lingeishi mikononi mwao.

Wakisisitiza kwamba wanalitaka gari, na vipimo vikawa vizuri, basi litoeni kikamilifu. Muandikiane hati ya zawadi mbele ya wakili, kwa jina la kituo kama lilivyo kwenye cheti cha usajili, si kwa jina la mlezi. Umiliki uhamishwe TRA (Mamlaka ya Mapato) mpaka kadi ya gari itoke kwa jina lao. Kituo kitahitaji kuwa na TIN, yaani namba ya mlipakodi. Kodi na ada za kuhamisha kazilipeni ninyi, maana sadaka inayoanza na deni huwatia watu aibu ya kukataa. Angalieni pia kama namba ya gari inadaiwa faini za trafiki. Bima waichukue wao, na wamweleze wakala kwamba gari litabeba watoto wa kituo.

Karatasi hizo zinaweza kuchukua wiki kadhaa, na haibridi huharibikiwa ikisimama. Kila wiki liwashe mpaka neno READY litokee, uliache nusu saa hivi nje, mahali penye hewa. Injini itajiwasha na kujizima yenyewe. Ukibonyeza na READY isitokee, au taa zote zikiwaka kwa pamoja, pimeni kwanza betri ndogo ya volti 12 iliyo kwenye buti. Mara nyingi ni hiyo tu, na bei yake ni ya betri ya kawaida.