Wicklow Way kwa siku nne za Novemba

Dada, umesema una siku nne tu, goti linakusumbua, na unataka kumaliza peke yako Wicklow Way yote, ile njia ya kutembea kwa miguu milimani Ireland. Usijaribu. Ni kilomita 130 hivi, kutoka Marlay Park, Dublin, hadi Clonegal. Wengi huchukua wiki nzima, na Novemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni.

Ishia Glendalough, bonde lililo njiani. Kwangu ndiyo sehemu tamu kuliko zote, na kuna basi la kurudi Dublin. Nguzo zenye mchoro wa mtu wa njano zitakuongoza, ila ukungu ukishuka kwenye kilima cha White Hill, chenye kimo cha mita 630, utahitaji ramani na dira. Mbao za kukanyagia zilizolazwa pale njiani zikilowa huteleza sana.

Mwachie mtu ratiba yako. Ukiumia piga 112, uombe waokoaji wa milimani. Goti nalo lipeleke kwa daktari kabla ya kukata tiketi.