Kwanza uliza saa: kwa muuguzi anayeanza kutunza waliozoea pombe Bukavu

Mgonjwa wa kanyanga, pombe kali ya kienyeji, akifikishwa kwenye kituo cha afya, iwe Kadutu, Bagira au Ibanda, ndugu zake watakueleza miaka aliyokunywa, pesa zilizopotea, ndoa iliyovunjika. Wasikilize kwa heshima, lakini swali lako la kwanza ni hili: amekunywa mara ya mwisho saa ngapi? Jibu liandike juu kabisa ya fishi, yaani kadi ya mgonjwa, kwa mtindo wa saa 24 (kama 14:00). Hapa kwetu "saa mbili" ya mama mmoja ni asubuhi, ya mwingine ni usiku, na kijana anayehesabu kwa Kifaransa anamaanisha saa nane ya mchana.

Mwili uliozoea pombe kila siku huanza kutetemeka, kutoka jasho na kutapika kati ya saa 6 na 24 baada ya glasi ya mwisho. Degedege huja zaidi ndani ya saa 48 za kwanza. Kuweweseka huja siku ya pili au ya tatu: anaona wadudu ukutani, anaongea na watu wasiokuwepo, ana homa, moyo unaenda mbio. Hapo familia husema ni mashetani, na wengine humhamishia kwenye chumba cha maombi kusikokuwa na seromu (maji ya mshipa) wala dawa. Wanakufa watu ambao wangepona. Waeleze mapema, siku ileile ya kuingia: maombi yaje kitandani, mgonjwa asiondoke.

Mwongozo wa OMS, Shirika la Afya Duniani, unaruhusu diazepamu, dawa ya kutuliza, hadi mg 40 kwa siku, yaani mg 10 mara nne, kwa siku 3 hadi 7, ikipunguzwa polepole. Ukishuka kwa mfano 40, 40, 30, 30, 20, 10, 10, utahitaji vidonge 36 vya mg 5. Vihesabu kabla ya kuanza. Mpe kwa mdomo, maana sindano ya msuli haiingii mwilini kwa uhakika. Kabla ya kila kipimo cha dawa mwamshe na uhesabu pumzi. Asiyeamka vizuri asipewe. Mzee, au mwenye macho ya manjano na tumbo lililojaa maji, mwite daktari apunguze kipimo. Usimtulize kwa klopromazini, dawa ya wagonjwa wa akili, eti anapiga kelele: inafungulia degedege mlango.

Vitamini B1, mg 100 kwa siku kwa siku 5, itangulie seromu ya glukozi. Sukari peke yake inaweza kuzidisha upungufu wa B1 na kuharibu ubongo: macho yanacheza, miguu inayumba, kumbukumbu inapotea isirudi. Lakini sukari ya damu ikiwa imeshuka usisubiri. B1 na glukozi viende pamoja. Pima malaria pia, na upapase kichwa. Wengi wameanguka, na damu ndani ya fuvu hufanana na ulevi.

Akianza kuweweseka, au degedege likirudia, mpeleke hospitali kuu ya rufaa ya zoni ya afya. Kwa matunzo ya akili yanayofuata kuna SOSAME, kituo cha afya ya akili cha mabruda wa Frères de la Charité. Kwenye karatasi ya transferi andika saa na kipimo cha kila dawa, la sivyo watampa mara mbili.

Halafu pesa. Hata katika kituo cha serikali, gharama nyingi zinaiangukia familia. Wape jumla ya siku zote 7 tangu mwanzo, na uulize mituweli, yaani bima yao ya afya, kama inalipa. Familia inayotajiwa bei siku kwa siku humtoa siku ya pili, akiwa ametulia kidogo, saa chache kabla ya hatari kubwa.

Akitoka, asiende na vidonge vya diazepamu mfukoni: vikikutana na kanyanga pumzi huweza kusimama. Mpangie arudi ndani ya wiki moja, pamoja na ndugu yuleyule aliyemlinda. Na usiandike "mlevi" kwenye fishi, andika ugonjwa. Akirudi baada ya wiki tatu amekunywa tena, fungua fishi ileile, umuulize saa.