Mabinti wa Kigoma mnaoota taji, anzeni na mdomo

Tangu Novemba 2025, Fátima Bosch wa Mexico alipovishwa taji la Miss Universe kule Thailand, simu yangu haijatulia. Mabinti wa Ujiji, Mwanga, Kasulu, mpaka Uvinza wananiandikia. Dada, niwe na urefu gani? Dada, nile nini nipungue? Viatu virefu nianze kuvivaa lini? Ni mmoja tu aliyeuliza jambo lingine: "Dada, yule aliwezaje kusimama akatoka?"

Huyo ndiye aliyeuliza swali lenyewe, kwa hiyo nawajibu wote kupitia yeye.

Kwa ambao hamkufuatilia: mapema mwezi ule, kwenye kikao kilichorushwa moja kwa moja Bangkok, mkurugenzi mmoja wa mashindano alimkaripia Bosch mbele ya wenzake wote. Bosch alimjibu, kisha akatoka. Warembo wengine wakanyanyuka wakamfuata, akiwemo Victoria Kjær Theilvig wa Denmark aliyekuwa bado anashikilia taji. Mwezi haukuisha, taji likawa la Bosch. Wapo wanaosema alipewa kwa huruma. Mimi sikubali. Mtu hapati ujasiri wa namna ile papo hapo, kamera zikiwa usoni. Alikuwa nao tangu kwao.

Nasema hivyo kwa sababu yamenikuta, ingawa si Bangkok.

Mimi ni mzaliwa wa Ujiji. Mama aliuza migebuka na dagaa, na mtaani kwetu binti akitaja umiss, watu walianza kuuliza amelelewa na nani. Nilishinda wilayani, mkoani nikawa wa pili, nikapanda treni kwenda kambi ya kanda. Kambini kulikuwa na mwalimu wa jukwaa ambaye kila nikifungua kinywa aliiga lafudhi yangu ya Kiha, na wenzangu wakacheka. Nilivumilia. Siku moja, waandaaji wakiwa wamekaa pale, akasema watu wa mwisho wa reli tungebaki na dagaa wetu. Nikasimama. Sikupaza sauti. Nilimwambia: "Mwalimu, nimekuja unifundishe kutembea. Dagaa ndio walionisomesha, naomba uwaheshimu."

Hakuniiga tena. Lakini alama zangu za nidhamu zilishuka, na hakuna atakayeniambia sababu ni nyingine. Miaka imepita, nina watoto, na bado inaniuma. Ila ningesimama tena, na ningesema maneno yale yale.

Usiku wa fainali niliingia tano bora. Nikaulizwa swali, nikajibu kwa Kiswahili, jibu lililonyooka. Jaji mmoja akaniuliza kama Kiingereza nimekisahau kwenye treni. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Wadogo zangu, mwaka 2010 kule Las Vegas, Ximena Navarrete wa Mexico alijibu swali la mwisho la Miss Universe kwa Kihispania, mkalimani akiwa pembeni, na akavikwa taji. Dunia inaruhusu mkalimani. Ni sisi wenyewe tunaoaibishana. Kiingereza jifunzeni, tena kwa bidii, maana kambini mtakaa na wasichana wa mataifa mengi na mkalimani hatakaa nanyi mezani. Mimi nilijifunza baadaye. Lakini asiye na la kusema kwa Kiswahili hatalipata kwa Kiingereza.

Nilimaliza wa nne. Zawadi iliyotangazwa ilikuwa cherehani na ada ya chuo, na baada ya fainali mwandaaji akaanza kutupiga chenga. Kabla ya kuingia kambini nilikuwa nimeomba ahadi ile iandikwe na itiwe sahihi. Wenzangu walisema najifanya mwanasheria. Karatasi ile ndiyo iliyonipatia cherehani. Ada sijaiona hadi leo. Cherehani ile imezaa karakana niliyo nayo Mwanga, na magauni ya vitenge ninayoshona yanavaliwa mpaka ng'ambo ya ziwa. Wenzangu waliocheka walirudi makwao mikono mitupu. Sifurahii, nawaeleza tu ilivyokuwa.

Kwa hiyo mdomo siyo wa jukwaani peke yake. Mdomo ni kuuliza: mkataba uko wapi, unanifunga kwa muda gani, picha zangu ni za nani? Mdomo ni kumwambia anayekutaka umfuate hotelini "kwa mazungumzo zaidi" kwamba utakuja na mama yako. Anayekudai fedha ili akupitishe, mwambie hapana, na uwaambie wenzako jina lake. Na mdomo ni kusema kweli kuhusu umri wako. Mwaka 2014 taji la Miss Tanzania liliingia kwenye mzozo mkubwa juu ya umri wa mshindi, mwishowe akalivua mwenyewe. Kwa Miss Universe siku hizi hakuna hata sababu ya kudanganya: imeruhusu walioolewa na wenye watoto tangu 2023, na mwaka 2024 ikaondoa kikomo cha juu cha umri. Mama wa mtoto mmoja wa Gungu uliyeniandikia kwa aibu, umesikia?

Mnaniambia Kigoma ni mbali. Mtanzania mwenzetu Flaviana Matata alipanda jukwaa la Miss Universe mwaka 2007 Mexico akiwa na kipara, wakati nywele ndefu zilionekana ndiyo urembo wenyewe, na akaingia kumi bora. Miaka miwili kabla yake Nancy Sumari alifika sita bora ya Miss World huko Sanya, China, akatangazwa mrembo wa Afrika. Leo mmoja anasomesha mabinti, mwingine ameandika vitabu vya watoto. Walikuwa na la kusema, na bado wanalisema.

Sisi tunalo zaidi ya wengi. Miss World inamtaka kila mshiriki awe na mradi wa kusaidia jamii yake, na mabinti wananijia na "nitasaidia yatima" bila kumjua yatima hata mmoja. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mama zenu wanaoanika dagaa Kibirizi walikula nini miezi ile? Wanaunga mkono au wanapinga? Nendeni mkawaulize. Hifadhi ya Gombe ipo hapo juu, Jane Goodall alifika mwaka 1960 kuwachunguza sokwe na dunia nzima ikamsikiliza, nanyi mliozaliwa hapa hamjawahi kuizungumzia hata kwa dakika mbili. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu iko Kasulu. Haya hayamo kwenye video za mazoezi ya matembezi mnazozitazama usiku kucha.

Jumamosi jioni, baada ya kufunga karakana, nakaa na mabinti wanaotaka kujifunza. Tunaanza na maswali, mmoja anasimama na wengine wanamhoji, na wanamhoji kwa ukali. Silipwi. Njoo na cheti cha kuzaliwa, na jambo moja la nyumbani kwenu unaloweza kulitetea mbele ya watu wasiokubaliana nawe. Mzazi anayetaka kukaa asikilize anakaribishwa, tena ningependa akae.