Jibu: Kuandika mfumo endeshi kuanzia sifuri, yaliyotukuta Ngamiani

Mkuu, nimeusoma uzi wako mara mbili. Mko vijana wanne, mnataka kuandika mfumo endeshi wenu, yaani programu kuu inayoendesha kompyuta, kuanzia sifuri, uwe wa chanzo huria, uongee Kiswahili, na ndani ya mwaka mmoja uwe unatumika kwenye kompyuta za shule za sekondari. Unauliza muanzie wapi. Njia hiyo nimeipita hapa Tanga. Tulikuwa watano, chumba cha nyuma cha duka la fundi kompyuta kule Ngamiani, kila Jumamosi baada ya adhuhuri, pangaboi moja na mihogo ya kukaanga.

Huo mwaka mmoja ufute kwanza. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alitangaza kazi yake Agosti 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na Linux 1.0 ikatoka Machi 1994. Hapo tunazungumzia kerneli tu, yaani kiini cha mfumo, maana zana nyingi za kuizunguka watu wa GNU, mradi wa programu huria, walishaziandika. Haiku, mfumo endeshi wa watu wa kujitolea, ulianza 2001 na beta yake ya kwanza ikatoka 2018. Hurd, kerneli ya GNU wenyewe, ilianza 1990 na toleo 1.0 hatujaliona bado. Sasa nyie wanne, wenye mitihani na bando la wiki, mwaka mmoja mtautoa wapi?

Lakini sikukatishi tamaa, kwa sababu mwanzo wake ni mtamu kuliko watu wanavyodhani. Mashine ya zamani yenye BIOS, programu ndogo ya kuiamsha iliyomo ndani yake, ikiwashwa husoma baiti 512 za mwanzo wa diski. Ikikuta mbili za mwisho ni 55 na AA, inazipakia kwenye kumbukumbu, anwani 0x7C00, kisha inakuachia usukani. Baada ya hapo hakuna wa kukusaidia. Skrini ya maandishi nayo ni mistari 25 ya herufi 80, kila herufi inachukua baiti mbili, moja ya herufi yenyewe na moja ya rangi. Ukiandika kwenye anwani 0xB8000, inatokea papo hapo. Siku herufi K ya kijani ilipojitokeza kwenye kona ya skrini, fundi mwenye duka, ambaye mpaka siku ile alituona wapoteza umeme wake, alitoka mwenyewe kwenda kutununulia soda.

Kisha tukapigwa. Kwa miezi kadhaa tulikuwa tunajaribia kila kitu ndani ya QEMU, programu inayoigiza kompyuta nzima, na mle mfumo wetu ulikwenda kama maji. Jumamosi moja tukauweka kwenye flashi, tukachomeka kwenye mashine halisi ya fundi. Ikaandika "Karibu", ikajizima, ikajiwasha, ikaandika "Karibu", ikajizima. Wateja waliokuja kuchukua printa zao wakasimama mlangoni kutazama.

Jumamosi tatu zilikwenda hapo. Huna chombo cha kukuonyesha kosa liko wapi, kwa hiyo tukawa tunapanda herufi kama mtu anayedondosha punje njiani: A baada ya hatua ya kwanza, B baada ya pili, C baada ya tatu. Mashine ikawa inafika C na kufa. Hatua iliyofuata ilikuwa foleni ya vibonyezo vya kibodi, na kihesabu cha foleni ile hatukukipa thamani, kwa kuwa C, lugha ya programu tuliyotumia, inaahidi kuwa kigeu cha aina hiyo kinaanza na sifuri. Ahadi ile kuna mtu anayeitimiza: anayepakia programu ndiye anayesafisha sehemu hiyo ya kumbukumbu. Kipakiaji tulikiandika wenyewe, na hatukusafisha kitu. Ndani ya QEMU kumbukumbu huanza ikiwa tupu, kwa hiyo kosa likajificha. Kwenye mashine ya kweli palijaa takataka, kihesabu kikaanza na namba ya ajabu, tukaandika nje ya mipaka yetu. Dawa ilikuwa mistari minne ya asembli, lugha iliyo karibu kabisa na mashine. Tangu siku ile tukakubaliana kuwa kila Jumamosi haiishi bila flashi kuchomekwa kwenye mashine halisi, hata kama kilichobadilika ni nukta.

Sasa nije kwenye Kiswahili, maana hapo ndipo nilipotaka kufika. Kuhusu herufi hamna shida kabisa. Lugha yetu inatosha kwenye herufi zile zile za msingi ambazo kila mashine inazo, ng' mnaandika kwa alama ya mkato wa juu, basi. Tukadhani kazi imekwisha, tutabandika maneno tu: orodha, nakili, futa, hamisha.

Halafu tukaandika ujumbe wa kwanza. Kwa Kiingereza mtu anaandika sentensi moja yenye nafasi wazi, anachomeka jina la kitu chochote, imekwisha. Kwetu faili limefutwa, folda imefutwa, mtumiaji amefutwa, kitabu kimefutwa. Wakiwa wengi ndiyo balaa: mafaili yamefutwa, folda zimefutwa, watumiaji wamefutwa. Kichwa cha kitenzi kinamfuata bwana wake, na kerneli haijui ngeli. Mmoja wetu akaanza kuandika jedwali la ngeli ndani ya kerneli, nakuapia, ndani ya kerneli! Wawili wakabishana faili ni "hili" au "hii" mpaka adhana ya magharibi ikatukuta.

Aliyetutoa pale alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiswahili aliyekuja kutengenezewa kompyuta yake. Alisikiliza huku anakunywa chai yetu, akauliza: hiyo mashine ni bubu? Hatukumwelewa. Akasema, iacheni ijisemee. "Nimefuta: barua." "Nimefuta: folda tatu." "Sijaona: picha." Kitenzi kimeshikwa na nafsi ya kwanza, kitu kilichofutwa hakidai chochote. Na pale msipotaka mashine ijiite mimi, tumieni "hakuna", hilo halijali ngeli ya mtu: hakuna faili, hakuna folda, hakuna watumiaji. Jedwali lote la ngeli likafutwa jioni ile. Kati ya waliochangia mradi wetu, nampa yeye nafasi ya kwanza, na hakuandika hata mstari mmoja wa msimbo.

Mengine kwa haraka. Leseni chagueni siku ya kwanza. Sisi tulichelewa, mmoja akawa ameshanakili kipande kutoka mradi wenye GPL, leseni inayodai kazi itokanayo nayo ibaki huria vile vile, huku wengine tukitaka leseni iliyolegea zaidi, ikabidi kipande kitupwe na kiandikwe upya, na mwenzetu yule akasusa moja kwa moja. Mchoro wa nembo na jina la mfumo msiviguse kabla kibodi haijafanya kazi, sisi jina lilitula mwezi mzima. Draiva, programu za kuongoza vifaa, ndizo zitakazowazika: kila kadi ya sauti, kila kadi ya mtandao ina tabia zake. Chagueni mashine ya aina moja tu, mkishaizoea ndipo muangalie ya pili.

Na hili la shule, niseme ukweli wangu hata ukinuna. Mmechanganya mambo mawili, kama tulivyochanganya sisi. Mkitaka mwanafunzi wa kidato cha pili afungue kompyuta aone Kiswahili, chukueni Linux iliyopo muitafsiri. Mwaka 2004 kulitoka Jambo OpenOffice kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wale hawakuandika programu ya ofisi kuanzia sifuri, walikaa na istilahi. Kazi hiyo bado ina nafasi tele. Mkitaka kujua kompyuta inaamkaje, andikeni wa kwenu kuanzia sifuri, na msimwahidi mwalimu mkuu yeyote. Wa kwetu mpaka leo unawaka, unasoma diski ya FAT (mpangilio mmoja wa kuhifadhi mafaili), una kihariri kidogo cha maandishi. Mtandao hauna. Tumebaki watatu.

Kabla hamjaanza nijibu jambo moja: mashine mliyonayo ina BIOS ya zamani, au ni UEFI, mrithi wake, peke yake? Zile baiti 512 nilizozieleza juu zinahitaji BIOS. Kama ni UEFI mnaanza kwa mlango mwingine kabisa, faili la programu kwenye kizigeu, yaani sehemu ya diski, cha FAT, na skrini ile ya 0xB8000 msiitegemee. Angalieni kwenye mipangilio ya kuwashia, uandike hapa chini, nikupe hatua za kwanza za mlango huo.