Kwa wanaotaka kuomba uzamivu wa sayansi ya tiba

Kila ikikaribia Septemba, vijana wa vyuo vikuu vya Muhimbili na Mlimani huniletea barua zao za maombi ya uzamivu (PhD) nizipitie. Nyingi zinaanza vilevile: tangu utotoni nilipenda sayansi, nimeona malaria ikiua watu, nataka kuisaidia jamii. Wadogo zangu, najua mnasema kweli. Lakini anayechambua maombi anatafuta ushahidi kwamba umewahi kukaa na swali la utafiti, likakusumbua, na hukulikimbia.

Alama zinahesabiwa, ndiyo, ila karibu kila anayeomba programu hizi ana alama nzuri.

Kijana mmoja alipima vimelea vya malaria kwa PCR, yaani njia ya kunakili DNA mara nyingi hadi ionekane, katika utafiti wake wa shahada ya kwanza. Kwenye barua akaandika ana ujuzi wa mbinu za maabara kama PCR, ELISA na kukuza seli. Orodha hiyo wanayo wengi. Nilipombana ndipo akanieleza: mrija wa maji matupu, usio na DNA yoyote, ulitoa mstari kwenye jeli, yaani alama kwamba kuna DNA ndani yake. Kwa hiyo kulikuwa na uchafuzi, na majibu yote ya siku ile hayakuaminika. Akabadilisha maji, mstari ukabaki. Akabadilisha praima, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili, ukabaki. Akahamisha kazi ya kuchanganya kemikali mbali na meza ambapo mirija iliyotoka kwenye mashine, iliyojaa DNA iliyonakiliwa, hufunguliwa, ukatoweka. Hiyo ndiyo aya aliyopaswa kuandika! Inaonyesha anajua kazi ya kidhibiti, yaani sampuli ya kulinganishia kama ule mrija wa maji, anabadilisha kitu kimoja kimoja, na haogopi kusema majibu yamekataa.

Uzoefu wa namna hiyo unapatikana hapahapa. Ukipata nafasi ya msaidizi wa utafiti Taasisi ya Afya Ifakara, NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) au kwenye miradi ya selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, pale Muhimbili, kaa mwaka mmoja au miwili. Usiridhike na kubeba sampuli. Uliza kwa nini zinachukuliwa. Watoto wawili wana selimundu ileile, mmoja analazwa mara kwa mara na mwingine anacheza mpira. Sehemu ya jibu ni kiasi cha hemoglobini ya kichanga, ile ambayo mtoto huzaliwa nayo, iliyobaki mwilini, lakini sehemu tu. Mtu anayeweza kuendelea kutoka hapo na kusema angepima nini baadaye, huyo watamsikiliza.

Barua za wadhamini ndizo huwaangusha wengi wetu. Programu nyingi za Marekani huomba tatu, na tunakimbilia wenye vyeo. Mkuu wa kitivo anayekujua kwa jina tu ataandika kwamba una bidii na nidhamu, basi. Mtafiti wa kawaida aliyekuona ukirudia jaribio ana mengi zaidi ya kusema. Kwetu ni vigumu mdogo kumhoji mkubwa, lakini uliza kwa adabu: “Daktari, unaona unanifahamu vya kutosha kuniandikia barua yenye uzito?” Akisita, mshukuru, utafute mwingine. Akikwambia uiandike mwenyewe yeye asaini, mwombe radhi na umpe ukurasa mmoja wa mambo aliyokuona ukifanya. Mpe wiki sita, si siku tatu.

Marekani unaweza kuingia na shahada ya kwanza, na kwenye programu nyingi mwaka wa kwanza unazunguka maabara kadhaa kabla ya kuchagua. Maombi mengi hufungwa mapema Desemba, na nyingi hazidai tena GRE, mtihani wa kuombea masomo ya juu. Uingereza mara nyingi unamtafuta msimamizi kwanza. Jambo ambalo vijana huchelewa kulijua ni kwamba fedha za mafunzo za NIH, taasisi za afya za serikali ya Marekani, kwa kawaida ni za raia na wakazi wa kudumu wa Marekani, kwa hiyo nafasi za wageni huwa chache. Andikia ofisi ya programu kabla hujalipa ada. Uliza wanafadhili wageni au la, na kama wanasamehe ada ya maombi. Hilo si kuombaomba, wamezoea kuulizwa.

Ukiitwa kwenye usaili, tarajia swali hili: ni matokeo gani yangekufanya ukubali kwamba wazo lako si sahihi? Fanya mazoezi na rafiki asiye wa fani yako. Usaili mwingi ni Januari na Februari, na saa nne asubuhi ya Boston ni saa kumi na mbili jioni Dar, kwa hiyo chaji kompyuta mapema, nunua bando, na tafuta chumba kisicho na kelele za barabarani.